Ukurasa wa Kulabu

Depo, 4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Sanduku la vipuri limefika jana, na barua yako ndani yake, imebanwa kati ya fyuzi na glavu. Karani wa stoo ameniletea huku akicheka kwamba katika huu ushirikiano wote wa kimataifa, wanaofaidi ni sisi ndugu wawili, kwa sababu tumepata posta ya bure. Mwambie mkubwa wako hilo nalo aliandike kwenye ripoti.

Simu mama hazitaki. Anasema kwenye simu unaongea kama mtu aliyechelewa mahali, na ukishakata hakibaki kitu cha kuweka chini ya mto. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Barua zako namsomea mimi, kila moja mara tatu, na nikiruka mstari ananishtukia.

Umeuliza habari za kazi. Kazi ni ile ile: mume wangu anafungua, mimi nasimama. Siku hizi tuna betri zilizochoka za mabasi ya umeme, zile ambazo haziwezi tena kulifikisha basi mwisho wa safari. Tunachagua seli zilizo hai, tunazipanga upya kwenye banda la akiba zitunze umeme wa jua, na umeme huo ndio unaowasha friji ya chanjo pale zahanati na pampu ya maji ya mtaa mzima. Shemeji yako anajivuna utadhani jua kalileta yeye. Na kwa anavyoijua kazi, mwache ajivune.

Mimi nasimama hatua mbili nyuma yake na mti wangu wa plastiki ngumu wenye kulabu mbele, kama alivyotufundisha yule mama mhandisi wenu alipokuja. Betri haizimwi kama taa. Ikimnasa mtu, mkono unajikaza na hawezi kuachia, na ukimshika kwa mkono wako mnanaswa wawili. Unamtia kulabu kiunoni, unavuta. Basi, ndiyo kazi yangu. Watu wa depo wananiita Mama Kulabu na wanasema nalipwa kwa kusimama. Nawajibu kuwa wapo wanaolipwa kwa kukaa, tena kwenye viti vya magurudumu.

Sasa huyu shemeji yako ana wazimu wake. Juzi kajikunja juu ya sanduku la betri, kapiga ukelele, mwili mzima unatetemeka. Nikamtia kulabu nikamvuta mpaka akaangukia rundo la matairi. Kumbe anacheka. Ati ananipima kama niko macho. Hiyo ni mara ya kumi na moja, nimeanza kuzihesabu. Na mimi namvuta kwa nguvu zote makusudi, mbavu zimuume. Jioni ananionyesha alama, tunacheka mpaka mama anauliza kuna nini.

Mama anasema uvae soksi.

Dada yako


Makao makuu, 20 Februari

Dada,

Soksi navaa jozi mbili mbili, mwambie. Baridi ya huku haina adabu.

Nimepewa meza dirishani. Chini naona uwanja uliojaa mabasi yanayongoja kusafirishwa kuja kwenu, meupe, bado yana karatasi za nailoni kwenye viti. Kazi yangu ni kuutia Mwongozo wa Kazi katika Kiswahili, kurasa mia mbili na kumi. Nimefika ukurasa wa arobaini na moja, ambao wenyewe wanauita ukurasa wa kulabu. Umeandikwa na yule mama mhandisi kwa mkono wake. Zamani alikuwa akifanya kazi na mwenzake, akatoka kidogo kwenda kupokea simu, aliporudi mwenzake ameshakwisha. Ndipo akaandika: hakuna sanduku litakalofunguliwa bila mtu wa pili kusimama na kulabu mkononi. Mkononi, si ukutani. Ana miaka thelathini hajaruhusu mtu kuugusa ukurasa huo. Wakubwa wanamheshimu, na wamemchoka.

Kisa cha shemeji nimewasimulia mezani wakati wa chakula. Wamevunjika mbavu. Mkurugenzi mwenyewe amecheka mpaka amefuta miwani.

Kuanzia hapa usimsomee mama. Mkataba wangu unaisha Juni. Kuna nafasi moja tu ya Mratibu, atakayesimamia depo zote sita kutokea huku, na tunaoitaka ni wanne. Wenzangu watatu wana shahada ndefu kuliko yangu. Nikiikosa nitarudi nyumbani na begi lile lile nililoondoka nalo, nipange foleni ya kuomba kuosha mabasi. Siwezi, dada. Ninakwambia wewe peke yako.

Hebu nijibu, ni udadisi tu. Kwa miaka hii mitatu, umeshamvuta mtu kweli kweli, si mzaha?

Profesa


Depo, 9 Machi

Profesa wangu,

Ulichosema nisimsomee sikumsomea. Aliuliza mbona barua imeisha ghafla, nikamwambia wino uliisha. Umeshanifanya mwongo kabla hata hujapata cheo.

Hiyo nafasi utaipata. Nilikufundisha kusoma kwenye maboksi ya sabuni ukiwa na miaka minne, na ulikuwa unanisahihisha. Hao wenye shahada ndefu nani aliwafundisha kwenye maboksi?

Swali lako ni jepesi. Kweli kweli, hata mara moja. Shemeji yako ni makini, hagusi kitu kabla hajakipima mara mbili. Kulabu yangu imevuta mzaha tu, mara kumi na mbili sasa, maana wiki iliyopita karudia. Safari hii sikumwachia hivi hivi. Nikamwambia wewe huigizi vizuri, unapiga kelele mno. Yule mama mhandisi alitufundisha kwamba aliyenaswa kweli hatoi sauti, kifua kimekazwa, anakuwa kimya kabisa. Nikamwambia kwa kelele zako hizo hutonidanganya hata siku moja. Akasema basi, amesikia, atajirekebisha.

Anawania cheo cha Fundi Mkuu. Meneja anampa matumaini kila Ijumaa na kumnyang'anya kila Jumatatu. Nyumbani haongei kingine.

Zahanati wamepokea chanjo za miezi mitatu kwa mpigo kwa sababu friji haizimiki tena. Muuguzi alikuja mwenyewe depo kutushukuru. Alimshika mkono shemeji yako, halafu akanishika na mimi, akauliza mimi nafanya nini. Nikasema nasimama.

Dada yako


Makao makuu, 2 Aprili

Dada,

Nimeipata. Msomee mama hii mara tatu, au hata nne. Mimi ndiye Mratibu wa depo zote sita. Wenzangu watatu wamenipa mkono mmoja mmoja, na mikono yao ilikuwa ya baridi kuliko hali ya hewa.

Wiki ijayo unakuja Mwongozo mpya, toleo la pili, jina langu likiwa kwenye jalada la ndani. Kuna mabadiliko madogo ya kupunguza mzigo. Mengine mtaelezwa na meneja, msishtuke.

Ndani ya sanduku kuna kioo cha kukuzia maandishi, cha mama. Ni kizuri, kina taa.

Nina kikao. Nitaandika kwa kirefu nikitulia.

Mdogo wako, Mratibu


Depo, 28 Aprili

Mratibu,

Mama anakishika kioo chako usiku kucha na mchana kutwa. Anaiwasha taa yake, anaisikiliza inavyolia kidogo, anaizima. Haoni kitu, lakini amesema hongera na amelia.

Sasa tuzungumze. Mwongozo umefika. Meneja alitukusanya akatusomea kama anasoma hotuba. Ukurasa wa arobaini na moja sasa una mistari minne tu: fundi mmoja kwa kila sanduku, kulabu itundikwe ukutani mahali panapoonekana, ipakwe rangi nyekundu, wafanyakazi walio karibu watoe msaada inapohitajika. Hayo ndiyo mabadiliko yenu madogo. Mimi nimehamishiwa kuosha mabasi. Nimepewa mpira wa maji na brashi, na siku ya kwanza wakanipigia makofi kwamba leo Mama Kulabu ataanza kazi.

Hilo ningelimeza. Lakini kumbe wiki nzima kabla ya hapo meneja alimwita shemeji yako ofisini, akampa karatasi akiri kwamba yuko tayari kufanya kazi peke yake. Akakiri, akatia sahihi. Akatoka humo Fundi Mkuu. Kwa siku saba tumekula meza moja, ananiambia nipitishie chumvi, na karatasi ile iko mfukoni mwake. Nilipomuuliza alisema atafanyaje, wangemtafuta mwingine.

Hatuongei. Tunaongea habari za mama tu, dawa yake na maji yake ya kuoga.

Wewe uko huko ndani. Niulizie nani aliyeugusa ukurasa ule. Na yule mama mhandisi alikuwa wapi? Uliniandikia mwenyewe kwamba kwa miaka thelathini hakuruhusu mtu. Nenda kamuulize, uniambie alichojibu.

Dada yako


Makao makuu, 15 Mei

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa masikitiko. Naelewa unavyojisikia.

Nimeuliza. Uamuzi ulitoka juu, juu sana, mimi nilipewa tu maneno niyatie katika Kiswahili. Yule mama mhandisi amestaafu, na kabla ya kuondoka alikubali mwenyewe kwamba mambo yamebadilika, betri za siku hizi zina ulinzi mwingi. Aliniaga vizuri na akaniagiza nikusalimu.

Sasa nisikilize kama ndugu. Kuosha mabasi siyo aibu. Huna tena wasiwasi wa kusimama kutwa nyuma ya umeme. Shemeji naye usimwonee, mwanamume akipanda cheo anataka kupongezwa nyumbani, asipokelewe kwa mgomo. Mtengenezee chai, yaishe. Wenye mkataba wanatutazama sana hivi sasa. Juni tunasaini awamu ya pili, mabasi mia mbili na mabanda ya akiba kumi, na ningependa depo yenu isitajwe kwa manung'uniko.

Mwambie mama navaa soksi.

Mratibu


Makao makuu, 8 Juni

Dada, dada yangu,

Meneja alinipigia siku ile ile ya tarehe tatu, lakini mstari ulikatika katikati, nikabaki na neno moja tu sikioni. Nikalirudia peke yangu kwenye korido mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Shemeji. Mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka tope siku ya harusi yenu ili viatu vyangu vya kuazima visiharibike.

Sikuweza kuja kuzika. Kusaini kulikuwa tarehe tano, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilisimama kati ya mabwana wawili wanaopeana mikono, napigwa picha, na machozi nikasema ni mafua. Utanisamehe au hutanisamehe, najua.

Sasa kuna uchunguzi, na faili limeletwa kwangu. Taarifa ya meneja ina mistari sita na haisemi kitu. Inasema ulikuwa unaosha basi, hukuona. Dada, nakujua. Huwezi kuwa hatua kumi kutoka kwa mume wako usimwone. Niandikie ilivyokuwa, kila kitu. Nakuomba kama mdogo wako, si kama mratibu. Ofisi haitaiona. Nitaisoma, nitaichana, na mzigo tutaubeba wawili.

Mama anasemaje?

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Juni

Mdogo wangu,

Umeahidi kuichana. Basi namwandikia yule niliyemfundisha kwenye maboksi ya sabuni.

Asubuhi ile alikunywa chai amesimama. Kwa wiki tano tulikuwa hatuongei, lakini siku hiyo aliongea. Akasema, "Leo nafungua lile kubwa. Meneja hayupo. Njoo unisimamie dakika kumi tu." Nilikuwa nakunja shuka la mama, sikugeuka. Nikamwambia, "Kitabu kinasema uko peke yako. Na sahihi ni yako." Akaweka kikombe, akaenda.

Saa nne nilikuwa naosha basi la tisa, pembeni ya banda. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona kwa mgongo, ameinama juu ya sanduku, mikono yote miwili ndani. Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa kimya, na mabega yanatetemeka kidogo, kidogo sana. Kulabu iko ukutani upande wangu, nyekundu, kama mlivyoagiza. Nikaangusha mpira wa maji.

Halafu nikakumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia anapiga kelele mno, naye akasema atajirekebisha. Nikajisemea huyu amejirekebisha. Huyu anataka nije mbio, nimvute, aangukie matairi, acheke, na mimi nicheke, na iwe tumepatana bila yeye kuniomba radhi. Nikasema moyoni, leo utacheza peke yako.

Nikakunja mikono. Nikahesabu ili nione atachoka lini. Nilihesabu polepole, kwa raha, Profesa. Nilikuwa nafurahi. Nakwambia hilo kwa sababu ndilo baya kuliko yote, na sijamwambia mtu. Nilifika saba. Kwenye saba nikakumbuka kwamba yeye hajawahi kuweza kunyamaza hata msikitini, wala kwenye msiba wa baba yake.

Nilimvuta kwa nguvu zote, kama kawaida. Aliangukia matairi yale yale. Daktari ameandika kwamba mbavu mbili zimevunjika, na anadhani ni kwa sababu ya kuanguka.

Kwa kila mtu nimesema nilikuwa nyuma ya basi. Wameamini. Mama ameamini, amenishika kichwa na kunibembeleza, na mimi nikakubali kubembelezwa.

Usinihurumie, lakini jambo moja lijue, kwa kuwa uko na wenye kitabu. Ule mti ukiwa mkononi mwangu sikuwa nafikiri. Mara kumi na mbili nilivuta kabla ya kufikiri, nikiwa nimenuna au nimecheka. Aliyenitoa mti mkononi akautundika ukutani ndiye aliyenipa nafasi ya kufikiri. Mwambie huyo, kama unamjua. Na mrudishe ule ukurasa kabla fundi mwingine hajaingia banda lile.

Ichane.

Dada yako


MAKAO MAKUU YA USHIRIKIANO
Ofisi ya Mratibu wa Depo

Kumb. Na. MD/3/117
24 Julai

Mfanyakazi wa Usafi,
Depo Namba Tatu.

YAH: MATOKEO YA UCHUNGUZI WA AJALI YA TAREHE 3 JUNI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi imekamilisha uchunguzi wa ajali iliyosababisha kifo cha Fundi Mkuu wa depo yenu. Imethibitika kwamba kulabu ya uokoaji ilikuwa mahali pake kwa mujibu wa ukurasa wa 41 wa Mwongozo, toleo la pili, na kwamba mfanyakazi mwenye mafunzo kamili ya kuitumia alikuwepo umbali wa hatua kumi, alimwona marehemu akiwa amenaswa, na kwa hiari yake hakuchukua hatua kwa muda wa sekunde saba. Mfanyakazi huyo ni wewe.

Kwa hiyo Ofisi imeridhika kwamba Mwongozo ulijitosheleza na hauhitaji marekebisho. Utaendelea kutumika katika depo zote sita na katika mabanda kumi ya awamu ya pili.

Barua yako ya tarehe 21 Juni imepokelewa na kuambatishwa kwenye faili. Ajira yako inakoma kuanzia tarehe ya barua hii. Unatakiwa kurejesha brashi, mpira wa maji na kitambulisho.

Ofisi inatoa pole kwa familia ya marehemu.

Mratibu wa Depo

(Kikaratasi kilichobanwa kwa pini nyuma ya barua:)

Dada, hayo juu ni lugha ya ofisi tu, usiyachukulie moyoni. Wangefunga mradi wote. Friji ya chanjo ingezimwa, pampu ingezimwa, na mimi ningerudi na begi. Lazima pangekuwa na mtu, na wewe ulikwisha kuandika mwenyewe. Hawatakushitaki, hilo nimelipigania mpaka nikalipata. Nitakutunza, wewe na mama, maisha yangu yote. Hii usimsomee mama.


Nyumbani, 12 Agosti

Mratibu wa Depo,

Brashi, mpira na kitambulisho nimevirejesha. Karani wa stoo amenipa risiti huku anatazama chini.

Karani wako wa huko ni mtu mwaminifu. Uliandika kwamba barua yangu imeambatishwa kwenye faili, naye akaona ni haki yangu kupata faili lote, akalitia katika sanduku la fyuzi. Nimesoma viambatisho vyote, kwa mpangilio wake. Cha kwanza ni muhtasari wa kikao cha tarehe kumi na nane Machi. Humo kuna mfasiri mmoja aliyeomba nafasi ya kusema. Akatoa mfukoni barua ya dada yake akawasomea mabwana mstari mmoja: kweli kweli, hata mara moja. Akawaambia kulabu hii kwa miaka mitatu imevuta mzaha tu, na kwamba mtu wa pili ni mshahara wa kusimama. Wakacheka, imeandikwa kwamba wajumbe walicheka. Chini yake imeandikwa kuwa yule mama mhandisi alipinga, akaomba kupinga kwake kuandikwe, akachukua koti lake akatoka. Ndiye huyo uliyesema alikuaga vizuri na kunisalimu.

Cha pili ni karatasi ya mume wangu. Cha tatu ni barua yangu, na neno la mwisho, lile la kukuomba uichane, limenakiliwa vizuri kabisa.

Sikukuandikia nikulilie. Niliyoyafanya nimeyafanya, zile saba ni zangu, sitakuomba uzigawe. Nimekuandikia kukupa habari za mama, maana katika barua ya Juni uliuliza anasemaje.

Jumapili mchana nilimkalisha kitandani, nikafungua mlango apate mwanga. Boksi lenye barua zako lilikuwa mapajani pake. Nikamwambia, mama, imekuja nyingine. Akatabasamu, akawasha taa ya kile kioo, kama anavyofanya ukiandika.

Nikamsomea. Kumbukumbu namba, tarehe, kichwa cha habari. Aliuliza huyu ni nani anayeongea hivi, nikamwambia subiri. Nikasoma mpaka kwenye hatua kumi na sekunde saba. Akainua mkono, nikadhani ananinyamazisha. Kumbe alitaka nirudie. Unajua desturi yake, mara tatu. Nikamsomea mara tatu kwamba mwanawe alikunja mikono. Kisha nikatoa barua yangu kwenye faili nikamsomea nayo, pamoja na pale niliposema nilikuwa nafurahi. Hakuna mstari niliouruka. Alikuwa amenishika goti. Akaliachia.

Kisha nikamsomea muhtasari, na kile kikaratasi chako, mpaka pale uliposema usimsomee mama. Akaniuliza yako mengine mangapi ya hivyo. Nikayatafuta ndani ya boksi, nikamsomea lile la Februari nililomwambia wino uliisha. Akasema ndiyo, alijua wino haukuisha.

Mwishoni akauliza barua ile ya ofisi imetiwa sahihi na nani. Nikamwambia. Akasema nirudie hapo. Nikarudia. Akapapasa karatasi kwa kidole mpaka akaufikia wino, akakaa na kidole chake hapo juu ya jina lako muda mrefu. Taa ya kioo ilikuwa bado inawaka, akaizima.

Leo asubuhi ameniita na kuniagiza nikuandikie maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze. Haya hapa.

"Mwambie barua zake zije, mimi ni mama yake. Lakini nitafutiwe mtu wa kunisomea, asiwe mwanangu."

Nimemtafutia. Ni karani wa stoo, atakuwa anakuja Jumamosi baada ya kazi.

Mimi